Jinsi ya Kuchagua Muziki wa Densi ya Ukumbini kwa Mashindano ya Runinga: Mwongozo wa Malindi na Lamu

Anayeandaa mashindano ya densi ya ukumbini hapa Malindi, yenye kamera na matangazo ya moja kwa moja, huanza na nguo, kisha ukumbi, kisha majaji. Muziki huachiwa dijei, naye huambiwa dakika za mwisho, "Tafuta nyimbo tamu." Usiku huharibikia hapo. Wimbo mtamu usio na kasi ya densi yake humfanya mchezaji hodari aonekane kalewa, na kamera inamwanika mbele ya watu wote. Mwongozo huu ni wa dijei huyo, wa mwalimu wa densi, na wa wachezaji wanaotaka kuchagua wimbo wao wenyewe. Msimamo wangu nautaja mapema: muziki wa pwani unazifaa baadhi ya densi hizi kuliko watu wanavyodhani, na nyingine hauzifai kabisa, na mwamuzi wa hayo ni mguu kabla ya sikio.

Hatua ya 1: Jua unaandaa mashindano ya aina gani

Kuna njia mbili, na usipozitenganisha utagombana na kila mtu.

Ya kwanza ni njia ya wachezaji wenyewe, kama tamasha la Blackpool, Uingereza, lililoanza mwaka 1920. Jozi nyingi huingia ukumbini pamoja, muziki unapigwa, na hakuna aliyeambiwa mapema ni wimbo gani. Mchezaji anajua tu kwamba inakuja walsi au tango, na kwamba kasi itakuwa ile aliyoifanyia mazoezi. Muziki wa njia hii hautaki vituko. Unataka mdundo ulio wazi na kasi isiyoyumba toka mwanzo hadi mwisho. Aliyeieneza sana nidhamu hiyo ni Victor Silvester, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa densi mwaka 1922. Miaka ya 1930 aliunda bendi yake kwa sababu santuri za wakati ule hazikumpa kasi ya kuaminika.

Ya pili ni njia ya runinga. BBC walianza Strictly Come Dancing mwaka 2004. Mwaka uliofuata Marekani ikapata Dancing with the Stars, na Italia ikapata Ballando con le Stelle kwenye Rai 1, kipindi ambacho Mwitaliano yeyote anayeishi Malindi atakusimulia bila kuulizwa mara mbili. Hapa kila jozi hucheza peke yake, kwa wimbo wake, na kila hatua imepangwa juu ya wimbo huo huo uliokatwa hadi karibu dakika moja na nusu. Mtazamaji aliye nyumbani hajui kisigino cha foksitroti kinatakiwa kitue vipi, ila wimbo anaujua. Kwa hiyo watayarishaji hutafuta wimbo unaojulikana, halafu huulazimisha uingie kwenye densi.

Kulazimisha huko ndiko kunakotudanganya tunaotazama. Strictly ina bendi yake ukumbini, inayoongozwa na Dave Arch tangu mwaka 2006. Ukiona pale wimbo wa pop wa mapigo manne umekuwa walsi ya mapigo matatu, jua kuna mtu aliyeketi akauandika upya, na wapigaji wakaufanyia mazoezi. Dijei mwenye kompyuta na faili ya sauti hana uwezo huo. Anachoweza ni kuchagua vizuri na kukata vizuri.

Ushauri wangu kwa mashindano ya mji kama wetu: raundi za mwanzo ziende kwa njia ya Blackpool, muziki usiojulikana, jozi zote pamoja. Fainali iende kwa njia ya runinga, kila jozi na wimbo wake. Hivyo majaji wanaona nani anasikia muziki na nani kakariri tu.

Hatua ya 2: Kasi, kabla ya kitu kingine chochote

Shirikisho la densi ya michezo duniani, WDSF, limeweka kasi za densi kumi. Runinga huzilegeza, lakini wewe anzia hapa. Nimeziandika kwa mapigo kwa dakika, kwa sababu ndivyo simu na programu za dijei zinavyozionyesha:

- Walsi: 84 hadi 90 (mapigo 3 kwa kila kipimo)
- Tango: 124 hadi 132
- Walsi ya Vienna: 174 hadi 180 (mapigo 3)
- Foksitroti: 112 hadi 120
- Kwikstepi: 200 hadi 208
- Samba: 100 hadi 104 (mapigo 2)
- Chacha: 120 hadi 128
- Rumba: 100 hadi 108
- Pasodoble: 120 hadi 124 (mapigo 2)
- Jaivu: 168 hadi 176

Zisizoandikwa mapigo ya kipimo ni za mapigo 4. Kipimo ni kundi moja la mapigo kabla hujarudi kuhesabu "moja".

Sasa pima. Wengi huhesabu mapigo ya sekunde 15 kisha wakazidisha kwa 4. Ukikosea pigo moja hapo umekosea manne kwa dakika, na nafasi yote ya samba ni manne tu. Hesabu dakika nzima, au tumia programu ya simu unayoigonga kwa kidole kufuata mdundo. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa wimbo, maana rekodi za zamani zilipigwa na watu bila mashine ya kushika kasi, na watu wakinogewa hukimbia. Wimbo wa bendi unaoanza 104 na kuishia 113 ni mtamu wa kusikiliza, lakini kwa raundi za mashindano uuache.

Tahadhari moja ya programu: mara nyingi huonyesha nusu ya kasi. Ukiona 86 kwenye wimbo unaorukaruka, huenda ni 172, yaani jaivu. Ukiona 102 na miguu yako inakimbia, huenda ni kwikstepi ya 204.

Kasi inaweza kurekebishwa bila kubadilisha sauti ya mwimbaji. Audacity, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure, inafanya hivyo. Mimi sivuki asilimia tano. Rumba ya 112 kuishusha hadi 108 haisikiki. Wimbo wa 126 ukiuburuta hadi 108, mwimbaji anasikika kama kapewa dawa ya usingizi.

Hatua ya 3: Densi moja moja, na muziki wetu

Nianze na rumba, maana hapo ndipo kila mtu Kenya anajiona mtaalamu. Rumba ya ukumbini na rumba ya Kongo ni watoto wa baba mmoja, Mkyuba, waliolelewa nyumba mbalimbali. Ile ya Kongo, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2021 kuwa urithi wa binadamu, ina sehemu mbili: mwanzo wa taratibu wenye mashairi, kisha sebene, pale magitaa yanapochukua uwanja na mwendo unapanda. Mchezaji wa ukumbini hutembea kwenye pigo la pili, la tatu na la nne. Pigo la kwanza ni la nyonga kutulia. Mwanzo wa wimbo wa Kikongo, au wa zilizopendwa za Kiswahili zilizopigwa Nairobi, mara nyingi unambeba vizuri sana, ikiwa kasi iko kati ya 100 na 108. Sebene ikiingia, mwili wake unataka kufanya kitu kingine na majaji wanaona mapambano hayo. Kata kabla ya sebene, bila huruma. Ukumbi utalalamika, lakini sebene unaweza kuwapigia wakati majaji wanajumlisha alama.

Chacha inahitaji pigo kali lililo wazi, maana hatua zake ni "mbili, tatu, nne-na-moja", na ile "na" isiposikika miguu hupotea. Hapa ningeanza kutafuta kwenye bango, muziki uliokuzwa Mombasa na Mzee Ngala, wenye saksafoni na gitaa lisilo na haraka. Pima kila wimbo. Ulio 118 unaweza kupandishwa hadi 120 na hakuna atakayejua.

Walsi ndiyo yenye mtego mkubwa kwa mtu wa pwani. Utasikia mtu akisema, "Chakacha ni tatu-tatu, tuipige walsi." Ngoja. Chakacha huenda kwa mapigo madogo sita. Ngoma moja huyagawa katika matatu mara mbili, nyingine huyagawa katika mawili mara tatu, zote kwa pamoja, ndiyo maana kiuno kinafuata mbili huku mkono unaopiga makofi unaweza kufuata tatu. Walsi ya polepole ya 84 hadi 90 haimo humo. Lakini fanya hesabu: mapigo mawili makubwa ya chakacha yakienda 120 kwa dakika, vipimo ni 60 kwa dakika, na mgawanyo wa tatu unatoa mapigo 180. Hiyo ni walsi ya Vienna kamili, kwenye ukingo wake wa juu. Yakienda 116, unapata 174, ukingo wa chini. Jozi iliyokomaa inaweza kuzunguka juu ya tatu huku ukumbi mzima unayumba juu ya mbili, na sijaona namna nzuri kuliko hiyo ya kuonyesha kwamba densi hii imefika Lamu au Malindi na si Vienna. Kwa wanaoanza, usithubutu. Wataanza kwenye tatu na kumalizia kwenye mbili. Ifanye kwenye fainali pekee, na wapigaji waagizwe ngoma inayopiga tatu isikike mbele.

Kwa walsi ya kawaida, tafuta kwa Waitaliano. Mji huu una wazee wa Kiitaliano waliokulia kwenye liscio, densi za ukumbini za Romagna, zenye valzer, mazurka na polka. Mmoja wao akikufungulia hazina yake ya rekodi, utapata walsi za kutosha msimu mzima. Pima tu, maana nyingine huenda mbio kuliko walsi ya polepole na hazifikii ile ya Vienna.

Taarabu inahitaji sikio la subira. Udi ukianza kwa taksimu, yaani kupigwa peke yake kwa uhuru, kama alivyozoea kuanza Zein l'Abdin, bingwa wa udi mzaliwa wa Lamu, hakuna mdundo wa kuhesabu. Kichezeni kipande hicho kama kiingilio: jozi inatembea hadi katikati ya ukumbi, inasalimu, inasimama, hadi ngoma ziingie. Zaidi ya sekunde kumi na tano inachosha kwenye runinga. Baada ya hapo angalia mdundo uliotumika. Kuna taarabu za Mombasa zilizopigwa kwa mahadhi ya rumba, na hizo ni mali.

Pasodoble ni mwendo wa gwaride wenye matarumbeta, unaoiga mapambano ya mtu na ng'ombe huko Uhispania. Kwa njia ya Blackpool, wachezaji huitegemea España Cañí ya Pascual Marquina, kwa sababu ina vishindo vitatu vinavyojulikana, na hatua zao hupangwa zisimame juu ya vishindo hivyo. Ukibadilisha wimbo bila kuwaambia, jozi zote zitasimama mahali ambapo muziki haukusimama. Kwa fainali uko huru, na hapa pwani tunayo historia: beni, ngoma ya matarumbeta na gwaride, ilichezwa Lamu na Mombasa zaidi ya miaka mia iliyopita, mitaa ya Lamu ya Mkomani na Langoni ikishindana nani kavaa na nani kapiga zaidi. Kundi la matarumbeta ya harusi likipiga kwa 122 bila kuyumba, umepata pasodoble isiyo na mfano.

Jaivu: jaribu twisti za magitaa zilizorekodiwa Kenya miaka ya 1960. Samba: hapa sitaki ubishi, tumia ya Kibrazili. Mdundo wetu wa sita hauichezi samba hata ukifanana kwa mbali. Tango, foksitroti na kwikstepi pia waachie wenyewe. Tango haitaki ngoma za kuzungusha kiuno, na zile mbili nyingine zinataka bembea ya jazi ambayo bendi za hoteli za zamani waliijua na wengi wa sasa hawaijui.

Hatua ya 4: Sikiliza maneno

Watazamaji wa Lamu husikiliza maneno kwanza. Wimbo wa taarabu wenye sauti ya mahaba unaweza kuwa mpasho wa mke mwenza kwa mke mwenza, na jozi ikicheza rumba ya mapenzi juu yake, kina mama watacheka na vijana hawatajua wanachekwa nini. Mpe mtu mzima anayejua mafumbo ausikilize wote, si beti la kwanza tu. Wimbo wa Kilingala mtafute anayekielewa, maana baadhi ya zinazochezwa harusini ni za maombolezo.

Kasida na nyimbo za maulidi zisiguswe. Najua matwari ya Lamu yana mdundo unaovuta mguu. Hata hivyo hazichezwi kwenye shindano la nguo za mgongo wazi, na atakayezipiga hatapata ukumbi tena mji ule. Kadhalika ngoma za Kimijikenda: uliza kila moja ni ya shughuli gani. Kifudu ni cha matanga.

Hatua ya 5: Kata kwa vipimo

Kosa la kawaida ni kukata kwenye sekunde ya 90 hasa, katikati ya sentensi ya mwimbaji. Kata kwa vipimo vinane vinane, kwa sababu nyimbo nyingi hupumua hivyo na wachezaji hupanga hatua hivyo. Chacha ya mapigo 128 ina vipimo 32 kwa dakika, basi vipimo 48 ni sekunde 90 barabara. Walsi ya 90 ina vipimo 30 kwa dakika: chukua 48, ni sekunde 96. Kwikstepi ya 200: vipimo 72 ni sekunde 86. Jaivu iliyojengwa juu ya mzunguko wa vipimo kumi na viwili ikate kwa mizunguko. Mitano ya kasi 176 inakupa kama sekunde 82, na haivunji wimbo.

Mwanzo acha vipimo vinne vya kusikiliza. Mwisho uwe pigo moja lililokatika. Usipunguze sauti polepole, maana jozi inabaki imeganda mikono juu huku muziki unayeyuka, na mpiga kamera hajui amalizie wapi. Wape wachezaji faili hiyo hiyo iliyokatwa wafanyie mazoezi. Itume WhatsApp kama hati, si kama sauti ya kurekodi, na jina la faili libebe jozi, densi na kasi.

Hatua ya 6: Ruhusa

Kupiga rekodi mbele ya umma Kenya kunahitaji leseni ya vyama vya kukusanya mirabaha, vinavyoidhinishwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Muulize mwenye hoteli kama anayo na inahusu nini, kwa sababu leseni ya kupiga muziki ukumbini hairuhusu kuuweka kwenye video. Kutangaza runingani au mtandaoni ni haki nyingine, na kwa rekodi unahitaji kibali cha mwenye utunzi na cha mwenye rekodi. YouTube ina mfumo unaotambua rekodi wenyewe na unaweza kuizuia video yako yote. Bendi ikipiga wimbo moja kwa moja, umeondokana na mwenye rekodi, lakini mtunzi bado yupo. Ndiyo maana kwa fainali ningemlipa mtunzi wa Malindi au Lamu akupigie vipande vipya, kwa kasi uliyomwandikia, na mkataba wa karatasi moja unaotaja matangazo. Kwa bajeti ndogo ni nafuu kuliko kufukuzana na kampuni ya ng'ambo.

Hatua ya 7: Sauti ya usiku wenyewe

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Jozi iliyo mita 20 kutoka kwenye spika husikia mdundo ukiwa umechelewa kidogo chini ya sekunde 0.06, na kwenye kwikstepi ya 200 hiyo ni karibu moja ya tano ya pigo. Weka spika nne za wastani kwenye pembe za ukumbi badala ya mbili kubwa jukwaani. Kama ukumbi ni wa wazi unaotazama bahari, kusi ikivuma sauti hupeperushwa, kwa hiyo zisogeze karibu zaidi na sakafu ya densi. Bluetooth usitumie. Inachelewesha, na hukatika simu ya mtu ikipita.

Sauti ya matangazo itoke moja kwa moja kwenye mikseri, si kwenye maikrofoni ya kamera iliyo nyuma ya ukumbi, la sivyo nyumbani wataona miguu inatua kabla ya pigo na watawalaumu wachezaji. Ongeza maikrofoni moja ya watazamaji, kwa sauti ndogo, ili vigelegele visikike.

Panga muda kwa kufuata adhana. Isha huku huadhiniwa mnamo saa moja na nusu, kwa hiyo kuanza saa mbili unusu kunampa kila mtu nafasi ya kusali na kuvaa. Mazoezi ya sauti ya jioni yanyamaze Magharibi inapoingia.

Umeme nao. Kompyuta iwe na betri iliyojaa, mikseri na kipitisha intaneti viwe kwenye betri ya akiba, na jenereta iwe imewashwa tayari kabla ya fainali, isisubiri giza. Tangazeni kanuni kabla ya raundi ya kwanza, wachezaji wote wakisikia: muziki ukikatika kabla ya nusu dakika, jozi inaanza upya baada ya kupumzika. Ukikatika baada ya hapo, majaji wanatoa alama kwa walichokiona, na jozi haiulizwi kama inataka kurudia.